Kaseti ya Nyanya Bado Inacheza

Juzi niliweka video ya nyanya yangu hapa Majengo akisikiza taarab kwa redio yake ya kaseti. Sekunde 40 tu. Anatoa kaseti ya Zuhura Swaleh kwenye mkebe wa biskuti, anapuliza vumbi, anaizungusha kidogo na kalamu ya Bic, anaiweka, inacheza. Wengi wenu mliniuliza swali moja: manze, hiyo kitu bado inafanya?

Inafanya. Na imenizidi umri. Mimi niko na miaka 24, na nyimbo nilizonunua kwa simu mwaka wa 2019 hazichezi.

Nilizinunua kihalali. Nililipa kwa M-Pesa, meseji ikaingia, app ikanishukuru. Zilikuwa nyimbo 6 za binamu yangu, alizorekodi kati ya 2014 na 2016, halafu baadaye akaziweka kwa app moja hivi sitaitaja. Zilikuwa zimefungwa humo ndani. Huwezi kuzitoa ukaziweka kwa fleshi, huwezi kumrushia mtu kwa WhatsApp, huwezi kuzicheza kwa kitu kingine chochote. Mimi niliona ni sawa, maana binamu mwenyewe ndiye aliomba familia nzima tununue tuache kutumiana. Alifariki 2021. Mwaka uliofuata app ikafungwa. Faili bado ziko kwa simu yangu ya zamani, naziona zikikula nafasi, lakini hakuna kitu duniani cha kuzifungua.

Sasa nimekaa nikajiuliza: inakuwaje kaseti iliyonunuliwa wakati wa Moi inapona, na kitu cha 2019 kinakufa? Jibu lina historia ndefu kidogo, na sehemu kubwa imepitia hapa hapa kwetu.

Wacha nianze na ile kaseti. Kampuni ya Philips iliionyesha dunia mara ya kwanza huko Berlin mwaka wa 1963. Ukipata moja, igeuze uangalie mgongoni. Kuna vipande viwili vidogo vya plastiki, kimoja kila pembe. Ukikivunja, redio inakataa kurekodi juu ya upande huo. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga ya kaseti. Nyanya alivunja vya kaseti zake zote za taarab siku ile ile alipozileta kutoka Mombasa, kwa sababu wajomba zangu walikuwa na tabia ya kurekodi mpira wa VOK juu ya kila kitu. Shida ni kwamba mjomba mmoja alikuja kugundua ukibandika selotepu pale penye shimo, redio inadanganyika. Kuna kaseti ya Juma Bhalo ambayo katikati ya wimbo inaingia Gor Mahia na AFC. Nyanya hajamsamehe mpaka leo.

Lakini angalia ufunguo ulikuwa kwa nani. Ulikuwa kwa aliyenunua. Yeye ndiye aliamua kaseti ifungwe au ifunguliwe, na hakuna mtu wa Philips alihitaji kuulizwa.

Kwa wasanii, hata hivyo, kaseti ilikuwa balaa. Kabla yake muziki ulikuwa kwa sahani ya santuri, na sahani huwezi kuitengeneza chumbani kwako. Kampuni kubwa za nje, EMI, CBS na PolyGram, zilikuwa zimejiweka Nairobi, na River Road ilijaa wazalishaji wadogo wa benga na muziki wa Kikamba na Kikuyu. Kaseti ilipoingia, mtu mwenye deki mbili na umeme akawa ni kiwanda. Unaenda dukani, unachagua nyimbo, unaacha kaseti tupu, unarudi jioni. Katika miaka ya 80 zile kampuni kubwa zikaanza kuondoka. Mombasa walicheza mchezo mwingine: duka kama Mbwana Radio Service lilirekodi taarab lenyewe na kuuza kaseti lenyewe, kwa hiyo anayenakili ndiye huyo huyo aliyerekodi. Nyanya anasema huko ndiko alikuwa akinunua, na alikuwa akilipa bila kulalamika, kwa sababu kopi ya dukani ilikuwa safi na kopi ya jirani ilikuwa na kelele ya feni.

Hiyo kelele ya feni ni muhimu kuliko inavyoonekana. Wakati huo kopi ilikuwa mbaya kuliko asili, na kopi ya kopi ilikuwa mbaya zaidi. Hata kanda za video za VHS, kuanzia katikati ya miaka ya 80, ziliwekwa kitu kinaitwa Macrovision: ukijaribu kunakili, picha ya kopi inakuwa giza, inawaka, inakuwa giza tena. Asili ilikuwa na faida yake ya kawaida, unalipa zaidi unapata kizuri zaidi.

Dijitali ikaua hiyo faida. Kopi ya elfu moja ni sawa kabisa na ya kwanza. Ndipo wenye mali wakaamua kuweka kufuli ndani ya bidhaa yenyewe, na ufunguo wakaubeba wao.

Sisi watoto wa Eastlands tulikutana na hiyo kufuli kupitia DVD. Mwaka wa 2008 hivi, shangazi yangu aliyekuwa akifanya kazi Dubai alituletea Finding Nemo, orijino, kwa kasha lake, na picha inang'aa. Nilikuwa na miaka saba. Watoto wa ploti nzima walikaa chini mbele ya TV. Tukaiweka. Skrini ikaandika kwa Kiingereza kwamba hili si eneo lake, diski ikatemwa nje.

Miaka mingi baadaye ndiyo nikaelewa. Wenye filamu waligawanya dunia vipande kwa namba. Marekani na Kanada ni 1. Ulaya, Japani, Mashariki ya Kati, na pia Afrika Kusini, ni 2. Sisi Kenya tuliwekwa 5, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi. Diski ya Dubai ni 2, deki yetu ilikuwa 5, basi. Shangazi alikuwa amelipa pesa ya halali, dukani, akabeba kwa ndege, na ikakataa kuchezea wapwa zake.

Buda wangu akatoka, akaenda duka la muvi hapa chini karibu na Gikomba, akarudi na Nemo ya finje. Diski nyeupe, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino. Ikacheza mara ya kwanza. Feki ilikuwa haina namba ya eneo, haina matangazo ya kuonya usiibe, haina chochote isipokuwa filamu. Mtoto wa miaka saba alijifunza nini siku hiyo? Nawaachia.

Baadaye fundi mmoja alituambia alete rimoti, akabonyeza namba fulani kwa mpangilio, na deki ikawa inakubali diski za kila mahali. Alituchaji mbao. Ukisoma sheria kwa ukali, sidhani wakili angemwambia huyo fundi alale vizuri, na nitafika huko.

Kufuli yenyewe ya DVD ilikuwa imeshavunjwa kitambo. Mwaka wa 1999 kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, akiwa na miaka 15, alishiriki kutoa programu ya kuifungua iliyoitwa DeCSS. Walimshtaki. Mahakama ikamwachilia Januari 2003, wakakata rufaa, ikamwachilia tena Desemba. Alichosema siku zote ni kwamba diski ilikuwa yake na alitaka kuitazama kwa kompyuta yake.

Na kama hiyo kufuli isingevunjwa, tusingekuwa na DJ Afro. Fikiria hilo. Msee alichukua filamu za Hong Kong, India na Marekani, akaweka sauti yake ya Kiswahili juu, akawabatiza waigizaji majina mapya, akaeleza kila ngumi kama anatangaza mpira. Nyanya yangu hajawahi kusoma maandishi ya chini ya filamu hata moja, lakini anajua hadithi za Bollywood kuniliko. Kisheria hiyo kazi ilisimama juu ya kopi ambazo wenyewe hawakuziruhusu. Siwezi kusema ilikuwa sawa, na siwezi kusema ningependa kukulia Majengo bila hiyo kitu.

Wenyewe wa River Road walienda njia nyingine. Filamu na video za nyimbo zao walizitoa kwa VCD, ambayo haina kufuli wala namba ya eneo. Deki ya VCD ilikuwa rahisi, kila mtu alikuwa nayo. Walijua wataibiwa. Walichofanya ni kukimbia: toa nyingi, toa haraka, uza siku za kwanza kabla duka la muvi halijaamka.

Serikali nayo ikaleta stika. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyoanza kazi 2003, ilikataza kuvunja kinga za kiteknolojia (hapo ndipo fundi wetu anapoingia, kifungu cha 35) na kifungu kinachofuata kikataka kila kaseti, CD au diski inayouzwa iwe na alama ya kuzuia wizi. Ile stika ya Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, mliiona. Kuna sehemu ya sheria hiyo ambayo watu hawaizungumzii na mimi naipenda: inakubali kwamba watu wananakili kwa matumizi yao nyumbani, na inasema badala ya kuwafukuza, tozo iwekwe kwa vifaa vya kurekodia na kanda tupu vinapotengenezwa au kuingia nchini, halafu wasanii wafidiwe. Yaani mwaka wa 2001 mtu aliketi Nairobi akaelewa kwamba hutaweza kuweka askari kwa kila deki.

Lakini stika ilikuwa ni stika. Binamu yangu alijifunza hivyo. Miaka yake ya kwanza alitengeneza CD 300 kwa pesa ya kibarua cha Gikomba. Alikuwa ameona Calif Records ikitoka hapo California, kutembea tu kutoka kwetu, Jua Cali na Nonini wakitoa genge ambayo nchi nzima iliimba, akajua inawezekana. Akabandika stika zake zote 300 kwa mkono, mimi nikimsaidia. Wiki ya pili nyimbo zake zilikuwa kwenye CD ya MP3 yenye nyimbo 150, finje, bila stika, jina lake limeandikwa vibaya. Stika ililinda kasha. Muziki ulitoka ndani, ukaenda zake. Aliuza CD 40 hivi. Zilizobaki zilikaa chini ya kitanda cha mamake mpaka zikaharibika na maji ya mvua.

Kwa hiyo mtu asiniambie wizi hauna mwathiriwa. Nilimwona, nilikula naye.

Huko nje nako kufuli zilikuwa zinawarudia wenyewe. Mwaka wa 2005 Sony BMG iliuza CD zilizoweka programu iliyojificha ndani ya kompyuta ya mnunuzi bila kumwambia vizuri. Mtaalamu Mark Russinovich akaifichua Oktoba hiyo, na ikaonekana inaacha mlango ambao virusi vinaweza kutumia. Aliyenunua dukani ndiye kompyuta yake iliingia hatarini, na aliyeshusha kwa intaneti bure hakupata shida hiyo. Februari 2007 Steve Jobs aliandika barua ya wazi akisema Apple ingefurahi kuuza muziki bila kufuli kama kampuni za muziki zingekubali. Januari 2009 wakakubali wote. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Microsoft ilikuwa imewaambia waliokuwa wamenunua nyimbo kwa duka lake la MSN Music kwamba seva za leseni zitazimwa, na ukibadilisha kompyuta baada ya hapo nyimbo zako hazitafunguka. Kelele zikawa nyingi mpaka wakasogeza tarehe. Mnaona? Kitu kilichonipata mimi kilikuwa kimeshapata watu 2008. Hakuna aliyetuambia, labda kwa sababu hayo maduka hayakuwa yakituuzia sisi.

Mwaka huo huo wa 2009 ambapo Apple inafungua, Kenya tulipata kufuli ambayo haikuwahi kuvunjwa: Skiza.

Nadhani hatujawahi kuiangalia Skiza kwa makini. Unalipa shilingi chache, tena na tena, kwa wimbo ambao wewe mwenyewe huusikii. Anayesikia ni anayekupigia. Hauko kwa simu yako, uko kwa mtambo wa Safaricom, kwa hiyo hakuna faili ya kuiba. Pesa isipotosha, wimbo unaondoka, unabaki mlio wa kawaida. Maduka ya muvi yote ya Nairobi yakiungana hayawezi kunakili Skiza. Na watu ambao hawajawahi kununua CD ya orijino maishani walilipia bila kuambiwa mara mbili.

Ukitaka kujua kufuli nzuri inamfaidi nani, fuata ile vita ya mgao. Wasanii walilalamika miaka na miaka kwamba kinachowafikia ni makombo, mpaka marekebisho ya sheria ya 2022 yakaandika hesabu: kampuni ya simu asilimia 39.5, mtoa huduma wa katikati 8.5, msanii au mwenye wimbo asipungue 52. Wizi wa duka la muvi ulikuwa umeshapita zamani. Hapa pesa ilikuwa inakusanywa yote, kila shilingi, na bado ilibidi Bunge liingilie ndiyo mwenye wimbo apate nusu.

Kulikuwa na watu waliojaribu kinyume. Mdundo ilianza hapa Nairobi 2013 ikitoa MP3 bure, bila kufuli, weka kwa memori kadi, mpe jirani, matangazo ndiyo yanalipa. 2020 ikaingia soko la hisa la Copenhagen. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Lakini sisi wengi tumehamia kustrimu, na kustrimu ni Skiza iliyovaa suti. Netflix ilifika Kenya Januari 2016, Spotify Februari 2021. Nyimbo ulizoshusha Spotify zinataka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo zinajifunga. Na kama simu yako ni ya bei ya chini, kuna uwezekano kufuli ya Google inayoitwa Widevine imeipa daraja la L3, maana yake Netflix inakupa picha ya 480p hata kama bando lako ni kali na skrini yako ni nzuri. Sikiza hiyo tena. Umelipa, na simu yako haiaminiki. Hapo 2021 walitupa Netflix ya bure kwa Android, Kenya peke yake, tukafurahi, na Novemba 2023 wakaizima.

Nyanya nilipomweleza hii ya kulipia kitu ambacho kinaweza kuondolewa, hakushangaa hata kidogo. Alisema, "Mjukuu wangu, hiyo si ndiyo Pumwani?" Serikali ya mkoloni ilipoanzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, mtu alijenga nyumba kwa pesa yake, na miongoni mwa waliojenga kulikuwa na wanawake wengi, lakini kiwanja kilibaki cha manispaa. Kuta ni zako, ardhi unalipia. Watu wa Pangani ya zamani walikuwa na nyumba zao pia, na mwisho wa miaka ya 1930 zikabomolewa, wakaletwa huku upande wa Shauri Moyo. Nyanya alikua akisikia hizo hadithi. Kwake neno "changu" ni neno la kuulizwa mara mbili.

Huko California, ile ya Marekani si hii yetu, walipitisha sheria 2024, ikaanza Januari 2025, kwamba duka la dijitali lisikuandikie "nunua" kama kwa kweli unapewa leseni tu, mpaka likuambie wazi. Ila kama unaweza kushusha kitu ukakaa nacho moja kwa moja, hapo neno "nunua" linaruhusiwa. Mimi ningetaka hiyo sheria hapa kesho asubuhi. Kama ile app ingeniandikia "kodisha", ningelipa bado, kwa sababu ni binamu. Lakini ningemwomba pia anipe faili kwa fleshi, na angenipa, alikuwa anakaa mlango wa tatu.

Mwezi uliopita nilimtafuta jamaa aliyekuwa akiwekea watu nyimbo kwa memori kadi pale Gikomba, kabla bando hazijashuka. Siku hizi anauza makava ya simu. Ana hadi diski ya kompyuta ya zamani ndani ya sanduku la viatu. Tulikaa kama saa mbili tukifungua mafolda. Kwenye moja imeandikwa MTAA 3 tukazipata nyimbo nne za binamu, sauti si nzuri sana, na katikati ya mmoja kuna mtu anataja jina la duka. Nilimpa soo mbili. Nikamwuliza kama aliwahi kumlipa binamu hata kidogo. Akacheka, akasema alimnunulia chapati mara nyingi. Halafu akanyamaza, akanirudishia soo moja, akasema nimpelekee mamake.

Nimezikopi kwa fleshi mbili na kwa simu ya shangazi. Mbili bado hazijapatikana. Kama uliishi Shauri Moyo, California, Gikomba au hapa Majengo kati ya 2014 na 2018, na uko na memori kadi imelala kwa droo, iangalie kwanza kabla ya kuitupa, halafu nitumie meseji.